Mwigizaji wa Kitanda cha Dirishani

Nilivunjika mfupa wa paja pale Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China, asubuhi ya kawaida kabisa, nikishusha maboksi ya jinzi yaliyotoka viwanda vya Xintang. Kazi yangu ni mizigo. Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Mwanza ananunua, mimi napokea, napima, nafunga, napakia kontena. Nilikuwa nimeifanya miaka kumi na mmoja bila kuumia zaidi ya kucha. Lakini Guangzhou ina majuma fulani, mwanzoni mwa mwaka, ambapo baridi huondoka ghafla na kuta huanza kutoa jasho. Vigae vinalowa bila mvua, sakafu inateleza kama imemwagiwa mafuta. Nilikanyaga ngazi ya tatu, mguu ukajiendea wenyewe, na boksi likanifuata.

Hospitali waliniwekea vyuma, wakanilaza kwenye chumba cha vitanda vitatu. Mlangoni alikuwepo dereva wa lori ambaye dawa zilimfanya alale mchana kutwa. Mimi nilikuwa katikati. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha mzee wa miaka themanini na tisa, aliyeanguka bafuni kwake akavunja nyonga.

Nilipoingizwa, yule mzee alinitazama mara moja tu, kisha akageuzia uso wake dirishani. Siku tatu hakuurudisha. Nilidhani najua sababu. Mtu mweusi akikaa mji huu muda mrefu anazoea mambo: kwenye lifti mtu anaziba pua, kwenye treni kiti cha pembeni yako kinabaki wazi vituo sita. Mwishoni hukasiriki tena, unaweka begi lako pale. Hata hivyo nilimwamkia kila asubuhi kwa Kichina changu cha sokoni, maana nilikolelewa, Njombe, mkubwa huamkiwa hata akiwa amekupa mgongo. Hakujibu.

Binti yake alikuwa amemwajiri mwangalizi, mwanamume wa makamo kutoka mkoa wa mbali, wa kumgeuza, kumlisha na kumwekea chombo cha haja. Mimi nami nilimwomba anisaidie maji ya moto na mswaki. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya nne, akinikamulia taulo, aliniambia kwa sauti ya chini, "Bosi, usimchukie mzee. Anakuonea haya."

"Haya ya nini? Hatujuani."

"Zamani alikuwa mwigizaji. Jukwaani na kwenye filamu. Aliwahi kucheza mtu mweusi."

Kumbe mzee alikuwa anasikia. Bila kugeuka, akasema, "Mwambie yote. Nilijipaka masizi na mafuta nikasema mimi ni Mwafrika, na sikuwahi kumwona Mwafrika hata mmoja."

Nilishtuka kwa ile sauti. Mwili ulikuwa umebaki mifupa, lakini sauti ilitoka nzima, na Kichina chake hakikuwa cha mitaani. Kila neno lilikuwa limeoshwa na kuanikwa. Nilimjibu kitu cha kwanza kilichonijia: "Mzee, mimi nimekaa hapa miaka kumi na mmoja najifanya Mchina mbele ya wenye viwanda, ili wanipunguzie bei. Hakuna aliyenishtaki."

Kisha akageuza kichwa, taratibu, akanitazama vizuri. Jicho lake moja lilikuwa na utando. "Zungumza nami kwa upande wa kulia," akasema. "Sikio la kushoto lilikufa."

Tangu siku hiyo tulizungumza kila mchana, saa ambayo hospitali nzima hupumzika, mapazia yakiwa yamevutwa na mwangalizi akikoroma kwenye kiti chake cha kukunja. Nilichokielewa nakiandika hapa. Ambacho sikukielewa mwangalizi alinifafanulia baadaye.

Baba yake aliuza uji wa mchele kando ya mto. Yeye aliingia kwenye kikundi cha maigizo akiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu walikuwa wanatoa chakula. Alikuwa na uso mwembamba na nyusi zilizopanda juu, basi wakampa waovu. Kwenye filamu iliyomtangaza alicheza mwenye mashamba, anayewachapa wakulima viboko mpaka wanazimia. Alisifiwa sana. Filamu ile ilipelekwa vijijini, ikaonyeshwa usiku kwenye shuka lililotundikwa, na watu walilitupia viatu lile shuka kila alipotokea.

"Nilifurahi," aliniambia. "Kiatu ni makofi ya mtu asiyejua kupiga makofi. Lakini asubuhi moja nikaenda kununua tambi, muuzaji akanitambua, akasema, hapa hatumlishi mnyonyaji. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikarudi nyumbani na bakuli tupu."

Alioa mshona mavazi wa kikundi chao, wakapata mtoto wa kike. Ndipo ukaja mchezo wa Afrika. Katika miaka ile nchi zetu zilikuwa zinapata uhuru, na huku ilitoka amri kila mji uonyeshe mchezo wa kuwaunga mkono. Yeye akapewa kwa mara ya kwanza mtu mwema: mchimba madini ambaye mwanawe anauawa na wakoloni. Walijifunza kwa kutazama michoro ya magazetini. Ile rangi iliwababua ngozi, mkewe akawa anamwoshea uso kwa mafuta ya karanga kila baada ya onyesho. Kwenye tukio la kifo cha mtoto, alijitupa sakafuni, akajipiga kifua, akapaza sauti mpaka ikafika viti vya nyuma kabisa. Ukumbi mzima ulikuwa unalia naye.

"Siku moja wakaja wageni wenyewe," akasema. "Wanafunzi wa Kiafrika, wanaume sita au saba, wamevaa suti. Mchezo ulipokwisha tulipangwa mstari, wakapita wakitushika mikono. Mmoja, kijana kama mimi, aliushika mkono wangu hakuuachia. Akanitazama usoni. Akasema maneno fulani, polepole, kwa lugha yao. Mkalimani alikuwa mbele na wakubwa, hakusikia. Kijana akaniachia, akaenda."

Mwigizaji hukusanya sauti kama mama anavyokusanya vifungo vya nguo. Aliporudi kwenye chumba cha kuvalia akayaandika yale maneno kwenye daftari lake, kwa herufi za Kichina, kila herufi kwa mlio wake. Herufi nane. Mwenzake waliyekuwa wakitumia naye kioo kimoja akamuuliza anaandika nini, akamwonyesha.

Mwaka mmoja au miwili baadaye ikaja ile miaka ya vurugu, ambayo wazee wa hapa huitaja kwa kuangalia pembeni. Vijana wenye vitambaa vyekundu mikononi walianza kuwatoa watu majumbani. Wa kwanza kufuatwa katika kikundi chao alikuwa yeye. Vijana wale walikuwa wamekua wakitazama ile filamu ya mwenye mashamba.

"Mmoja alinitaka niseme maneno ya kwenye filamu huku ananipiga," aliniambia. "Nikasema. Alikuwa anayakumbuka yote. Nilipokosea, alinisahihisha."

Lakini kilichommaliza ni daftari. Mwenzake wa kioo alilitaja. Zile herufi nane, ukizisoma kwa maana badala ya mlio, hazikuwa na kichwa wala miguu, ila mbili za kwanza zote zilimaanisha magharibi, na katikati mlikuwa na herufi ya ramani na herufi ya ndani. Magharibi, magharibi, ramani, ndani. Wakasema ni ujumbe wa kijasusi. Wakamuuliza yule mgeni alimwambia nini. Akasema hajui. Walimuuliza wiki nyingi. Ndipo sikio la kushoto lilipokufa. Wakamleta mkewe kwenye jukwaa lile lile alikokuwa akiwavalisha watu, wakamsimamisha na lile daftari likining'inia shingoni.

"Nyumbani naye akawa ananiuliza," mzee alisema. "Kila jioni. Alisema, mimi ni mkeo, sitamwambia mtu, niambie tu yule mtu alisema nini. Nikamwambia sijui. Hakuniamini. Asubuhi moja akachukua kapu aende kwenye foleni ya mafuta ya kupikia. Alipatikana mtoni baada ya siku mbili. Kapu waliliona ukingoni, na viatu ndani yake."

Hakulia aliponieleza hayo. Mimi nilitazama dripu yangu.

Baada ya hapo alifuga nguruwe shambani miaka saba. Aliporudishwa mjini, kikundi kilimpa kazi ya kufungua na kufunga pazia. Miaka ya baadaye alipata vijinafasi kwenye filamu: bawabu, mgonjwa, mtu wa kupita. "Filamu yangu ya mwisho nilikuwa maiti," akasema. "Mwongozaji alinisifu. Alisema hajawahi kuona maiti anayejua kazi kama mimi."

Kisha akainua mkono wake wenye mabaka, akanyoosha kidole kwangu. "Sasa nikusomee yale maneno. Miaka yote nimetafuta mtu wa kumuuliza. Mitaani niliwaona Waafrika, wengi tu, pale Sanyuanli. Sikuthubutu. Ungemsimamisha mtu barabarani ukamwambiaje? Na binti yangu hataki kabisa nilitaje jambo hili. Sasa Mungu wenu amekulaza kando yangu."

Akakohoa, akaweka sauti sawa kama mtu anayeingia jukwaani, akasema: "Si si ha tu li yi hi wei."

Mara ya kwanza sikusikia kitu, ilikuwa milio tu. Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole zaidi, na safari hii akaweka mkazo mahali palipokuwa na mkazo tangu ile siku. Kilikuwa Kiswahili. Kijana yule alikuwa amesema: Sisi hatulii hivi.

Basi, hilo tu. Maoni ya mwanafunzi aliyetazama mchezo, akaona mtu aliyepakwa masizi akigaagaa na kupiga mayowe, akasema, sisi hatulii hivi. Labda aliudhika. Labda alikuwa akitania. Labda alimhurumia kwa jinsi alivyojichosha. Ni maneno ambayo ningeweza kuyasema mimi, nikayasahau kabla sijafika kwenye basi.

Mzee alikuwa ananitazama kinywani. Nikasema, "Mzee, Afrika ina lugha nyingi sana. Hii siijui."

Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akageukia dirisha. Nilijiambia nimefanya hisani.

Kesho yake binti yake alikuja na uji kwenye chombo cha bati. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, nywele fupi, mtu wa kutembea haraka. Aliniita kwa kichwa, nikajikokota mpaka kwenye korido kwa magongo. Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza kuyatumia.

"Bwana, mwangalizi ameniambia baba anakusumbua na yale maneno," akasema. "Umemjibu nini?"

"Nimemwambia sijui."

"Na unajua?"

Niliangalia magongo yangu. Akaelewa.

"Nakuomba," akasema. "Usimwambie. Kama ni jambo baya, litamuua. Kama ni jambo zuri, litamuua vilevile. Mwache afe hajui."

"Sawa, dada," nikamwambia. Nilisema kweli wakati ule.

Nilishikilia ahadi siku mbili. Mzee hakuuliza tena. Alikula, alizungumza mambo ya mvua na ya bei za samaki. Mchana wa siku ya tatu, mwangalizi akiwa ameshika usingizi, akasema huku anatazama dari, "Kijana, nimefanya kazi ya uongo maisha yangu yote. Nilimjua anayedanganya jukwaani kwa namna anavyomeza mate. Wewe siku ile ulimeza mate."

Niliweka chini chungwa nililokuwa namenya.

"Walinipiga wakitaka niseme kitu nisichokijua. Mke wangu alikufa akidhani nakijua. Wewe unakijua, na umelala hapo kimya unakula machungwa."

Nikamwambia. Nilimtafsiria neno kwa neno, nikamweleza lipi ni sisi, lipi ni kukataa, lipi ni kulia. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, mzee."

"Hakuna jingine nyuma yake? Si methali?"

"Hakuna."

Alirudisha macho kwenye dari. Kisha akasema, "Yule kijana alisema kweli. Mwongozaji alitaka viti vya nyuma vinisikie." Halafu akauliza, "Basi mnaliaje?"

Nilitaka kusema kwamba kwetu watu ni wengi na kila mahali wanalia kwa namna yao. Lakini alikuwa ameuliza kama fundi anayeuliza kipimo. Nikamsimulia msiba wa baba yangu. Alifariki mwaka ule wa korona ambao ndege hazikuruka, nikazika kwa kutazama simu, nimekaa juu ya maboksi ghalani. Nilimweleza kwamba wanawake walilia kwa maneno, wakimuuliza marehemu kamwachia nani kahawa yake na ng'ombe wake. Wanaume hawakupaza sauti. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, alisimama ukingoni mwa kaburi ameshika jembe. Alikuwa anatazama udongo. Akawa anakohoa, kama aliyepaliwa na moshi, na hapakuwa na moshi. Kila akikohoa alibadilisha mkono kwenye mpini. Halafu akamwambia mtu mmoja, kwa ukali, asogeze benchi, mahali ambapo benchi lilikuwa limekaa vizuri.

"Na wewe?" mzee akauliza.

"Mimi nilikuwa na mzigo wa kupakia."

Aliniomba nibonyeze kitufe cha kuinua kitanda. Nikajivuta, nikabonyeza. Alipofika karibu na kukaa, akafunga macho, akashika chuma cha pembeni ya kitanda kwa mikono miwili, mmoja juu, mwingine chini, kama mpini wa jembe. Akafungua macho akatazama blanketi lake. Akakohoa.

Sijui niseme nini kuhusu nilichokiona. Kilikuwa kikohozi kidogo. Akahamisha mkono. Taya lake likacheza, akalizuia. Akakohoa tena. Miaka themanini na tisa, nyonga imevunjika, Mchina wa Guangzhou, na mbele yangu alikuwa amesimama baba mkubwa juu ya kaburi la baba yangu. Mwangalizi alikuwa ameamka, chombo cha haja mkononi, hasogei. Mimi nilianza kulia, kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya kwenye msiba wenyewe. Na yeye naye machozi yakaanza kumtoka, na hapo nikaona kwamba hayakuwa ya mchezo, kwa sababu alishindwa kuyazuia na mkono wake ukaacha kuhama.

Binti aliingia katikati ya hayo.

Hakupiga kelele. Aliweka uji juu ya meza, akamfuta baba yake uso, akashusha kitanda, akatoka. Baada ya nusu saa wauguzi wawili walikuja kumhamishia chumba cha ghorofa ya juu. Mzee alikuwa amefumba macho. Alipopitishwa karibu yangu nilimwita, lakini nilikuwa upande wa sikio lililokufa.

Binti alibaki nyuma, anakusanya taulo na vikombe. Nilimwambia, "Dada, nisamehe."

Aliendelea kukunja taulo. Kisha akasimama. "Maana yake nini?" akauliza.

"Ulisema hutaki..."

"Nilisema asijue yeye. Maana yake nini?"

Nikamwambia. Alikuwa ameshika kile chombo cha bati kifuani. Alirudia yale maneno kwa Kichina, kwa midomo tu, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Basi mama yangu alikufa kwa hilo," akasema. Akachukua ndala za baba yake chini ya kitanda, akaondoka.

Mwangalizi aliendelea kushuka kuniona, na nilipotoka hospitali akawa ananipigia simu, akinipa habari. Mzee hakuzungumza tena, si kwa hasira, mwangalizi aliniambia, ila kama mtu aliyemaliza zamu. Chakula alikitema. Kifua kikajaa maji, kama kinavyowajaa wazee wanaolala muda mrefu. Alifariki asubuhi moja kabla ya uji, siku kumi na tisa baada ya kuhamishwa. Kikundi chake cha zamani kilituma shada la maua, na kwenye utepe herufi moja ya jina lake ilikuwa imekosewa. Binti aliwapigia simu warekebishe. Wakasema muuza maua amekwisha kufunga duka lake na kwenda. Akauchana ule utepe mwenyewe, shada likabaki bila jina.

Mimi sikwenda kwenye mazishi. Sikualikwa, na daktari alikuwa hajaniruhusu ngazi. Wakati huo nilikuwa nimesharudi Sanyuanli, nimekaa kwenye kiti mbele ya ofisi, nawaelekeza wengine wapi pa kuweka maboksi, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa kidole.

Nimewasimulia watu wachache jambo hili. Dada mmoja wa Kitanga anayenunua vitambaa soko la Zhongda aliniambia nilimtoa mzee kifungoni. Mchungaji wa ibada yetu ya Jumapili alisema kwamba ahadi kwa mtoto wa mgonjwa ni ahadi, na mimi niliivunja. Naona wote wawili wamesema kweli, na hainisaidii.

Namba ya binti nilipewa na mwangalizi. Niliandika ujumbe wa pole kwa Kichina, nikaufuta, nikaandika mwingine mfupi zaidi. Huo nao uko kwenye simu mpaka leo. Sijautuma.